Msomaji Asiyeleta Sukari

Kwetu mgonjwa hapingwi. Hakuna aliyetufundisha hivyo shuleni, tulizaliwa tukalikuta jambo hilo. Ukienda kumwona mtu anayeumwa unabeba sukari, mkate, pengine majani ya chai. Unakaa kwenye kiti ulichoonyeshwa, unasema leo uso wake una nuru, unaomba, unaondoka. Hata kama alikukosea, unameza. Hata akisema jua linachomozea Busia, huko linakozama, unaitikia ndiyo, tena linachomoza vizuri sana. Siicheki desturi hiyo, maana hata mimi imeniliwaza zaidi ya mara moja. Lakini ndiyo iliyomtesa kaka yangu katika mwaka wake wa mwisho, na nikikumbuka mpaka leo nachemka.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kompyuta tangu miaka ya themanini, wakati neno lenyewe lilikuwa geni Kisumu. Aliajiriwa katika kiwanda kimoja mjini, akafungiwa kwenye chumba chenye baridi kali ambacho wafanyakazi wengine walikiita mochari. Humo ndimo alimojifunza kuandika programu, yaani yale maagizo, mstari kwa mstari, yanayoiambia mashine la kufanya. Kiwanda kilipoanza kuyumba miaka ya tisini, akatoka, akawa anazunguka kutengeneza mashine za maofisi. Halafu mke wake akafa. Halafu yeye mwenyewe akaanza kukohoa.

Mimi nilikuwa mpiga taipu mjini, sina mume, sina mtoto, na mdomo ninao. Nilihamia kwake mtaani Manyatta ili nimpikie na kumwangalia binti yake, mtoto ambaye hata shule ya chekechea alikuwa hajaanza. Majirani walisema ni kifua. Wengine, wakidhani sisikii, walisema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa kwetu. Jina la ugonjwa wenyewe hakuna aliyelitamka. Ilikuwa miaka ile ambayo Jumamosi zetu zote zilikuwa za mazishi, na ziwa lenyewe lilikuwa limefunikwa na magugu maji mpaka mashua zikawa zimekwama pwani kana kwamba zimepandwa shambani.

Kilichomtoa kitandani kila asubuhi kilikuwa programu moja ya bure. Naieleza kama alivyonieleza mimi. Watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana kwa sura, walikuwa wakiandika kwa kujitolea programu ya kliniki za watoto: mtoto ameletwa, karani anaandika tarehe aliyozaliwa, mashine inasema chanjo gani imefika na ipi bado. Mistari yake yote ilikuwa wazi. Yeyote aliweza kuisoma, kuibadilisha, na kuwatumia wenzake alichobadilisha. Waliandikiana kwa barua pepe. Sisi hatukuwa na simu, lakini ofisi moja mjini ilikuwa nayo, na karani wake, kijana mpole, alitupokelea barua na kutupigia chapa.

Kaka aliisoma programu ile yote, akasonya. "Nyamera," akaniita, maana ndivyo alivyoniita siku zote, yaani dada yangu kwa Dholuo. "Hawa watu wanadhani kila mama anajua tarehe."

Kweli, programu ilikuwa hivyo. Ukiacha nafasi ya tarehe ya kuzaliwa wazi, inakataa kuendelea. Sasa niambie, mama wa Port Victoria aliyejifungulia nyumbani wakati mashua zinarudi, tarehe ataitoa wapi? Atakuambia mtoto alizaliwa mvua kubwa zilipoanza, au tulipokuwa tunavuna mtama, au baada tu ya Krismasi. Karani wa kliniki hubuni tarehe yoyote ili mashine inyamaze, na mtoto anachanjwa kwa umri wa uongo. Kaka akaandika kipande chake: karani achague msimu, mashine ikadirie umri, ipange chanjo kufuata makadirio hayo. Alikaa mbele ya mashine yake kuukuu, isiyo hata na kifuniko, blanketi mabegani, akigonga vidole viwili viwili. Nilikuwa namwambia alale. Alikuwa ananiambia ninyamaze.

Wenzake wale walikuwa na sheria moja ambayo haikupindwa. Hakuna kipande kinachoingia kabla watu wawili ambao hawakukiandika hawajakisoma chote na kusema kinafaa. Mama mmoja wa ng'ambo alikisoma, akasema mashine itaelewa, hana neno. Lakini mkuu wao akaandika hivi: huyo mmoja ametosha kwa upande wa mashine, ila sisi huku hatujui mvua zenu wala kliniki zenu. Msomaji wa pili mtafute kwenu, awe anajua kuandika programu na anajua watoto wanavyoletwa. Asipopatikana, kipande kitakaa nje.

Kaka alifurahi. Alisema hilo ndilo jambo la akili zaidi alilowahi kulisikia kutoka kwa watu wale. "Wapo," akasema. "Kisumu haikosi watu."

Tukaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa mtu aliyesoma naye, sasa ana ofisi nzuri mjini na tai ya kila siku. Nilimpelekea disketi na karatasi zilizopigwa chapa. Baada ya siku chache alikuja nyumbani mwenyewe, na mfuko wa sukari na mikate miwili. Akakaa. Akamsifu kaka kwa rangi aliyokuwa nayo usoni. Kaka akamuuliza, "Umesoma?"

"Nimesoma, ndugu yangu. Iko sawa kabisa. Safi."

"Makadirio ya mvua ndogo umeyaonaje?"

"Safi sana. Wewe ni kichwa, hata chuoni ulikuwa kichwa."

Kaka akamshukuru. Alipotoka, kaka akazitazama zile karatasi. Zilikuwa zimerudi bila hata kidoa cha kalamu, kona zake zimenyooka vilevile kama nilivyozipeleka. Akageukia ukutani.

Wa pili alikuwa mtu wa kanisani aliyefundisha vijana kompyuta baada ya ibada. Huyu naye alikuja na sukari. Loo, sukari! Tulikuwa na sukari ya kufungulia duka. Kaka alipomuuliza kuhusu kazi, mtu wa Mungu aliichukua disketi, akaiweka mezani, akaiwekea mkono juu, akaiombea. Aliomba kwa muda mrefu. Alimwomba Bwana aibariki kazi hii na mikono iliyoitenda. Mimi nilifumbua jicho moja nikakuta la kaka nalo liko wazi, tukatazamana, nikauma mdomo nisicheke. Lakini mgeni alipokwenda zake kaka hakucheka.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akasema. "Mimi wananisifu nikiwa nimekwisha anguka kutoka mnazini." Halafu sauti ikampanda, na kikohozi nacho kikapanda. "Nataka mtu mmoja aniambie nimekosea! Mmoja tu! Wanakuja hapa kunizika kabla sijafa, wanakunywa chai yangu, wanakwenda!"

Nikamletea maji. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa nimeanza kumwambia kila kitu ni kizuri.

Baada ya muda akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuna mmoja. Yuko Bondo."

Nilijua anayemsema, nikashangaa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kile chumba cha baridi, wakala sahani moja. Siku moja mwenzake huyo alisimama katika mkutano, mbele ya meneja na watu wote, akasema programu ya kaka ya kupanga zamu ina kosa, inamweka mtu mmoja sehemu mbili kwa saa ileile. Lilikuwa kweli. Kaka alilirekebisha siku hiyohiyo, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. "Alisema kweli," alikuwa akisema, "lakini angeniita kando." Miaka ilikuwa imepita mingi. Hata mke wa kaka alipokufa, yule bwana hakuja, na labda hakuwa na habari.

"Nenda," kaka akasema. "Lakini usimwambie naumwa. Ukimwambia, basi."

Nilimkuta Bondo katika chuo kidogo cha ufundi, akifundisha vijana, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikajitambulisha. Akacheka kwa pua.

"Yule bwana mkubwa? Bado anaandika?"

"Bado."

"Na bado haambiliki?"

"Haambiliki hata kidogo," nikasema, na hapo sikudanganya.

"Basi lete." Akaichukua disketi na karatasi kana kwamba nilikuwa nimechelewa kumletea. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Hajambo lakini?"

Nikamjibu hajambo. Ndivyo watu wanavyojibu.

Karatasi zilirudi kwa basi la Bondo, kondakta akanipa bahasha stendi. Nilipozitoa nyumbani nilitaka kuzificha. Zilikuwa nyekundu. Hakuna ukurasa uliopona. Kando ya mistari alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa lugha yetu na Kiingereza na Kiswahili vikiwa vimechanganyika: Huu ni uvivu. Hapa ulikuwa umelala? Mvua ndogo zinavuka mwaka mpya, wewe mtoto wa Desemba unamwongezea mwaka mzima, atachomwa sindano ya surua kabla hajajua kukaa. Aibu!

Kaka alisoma yote akiwa ameketi. Akaanza kucheka. "Mpumbavu huyu!" akasema. "Mpumbavu mkubwa, amepata!" Akamtukana kwa Dholuo matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu tukiwa watoto Seme, na uso wake ukawa na ile nuru ambayo wageni walikuwa wameitaja kila siku bila kuiona. Akaomba uji. Akaumaliza. Akaniambia niwashe mashine.

Ndivyo tulivyoishi msimu ule. Yeye anarekebisha, mimi nachapa pale vidole vyake vinapochoka, disketi inakwenda Bondo, wekundu unarudi. Kila safari wekundu ulipungua. Kaka alibishana naye kando ya karatasi, akamwita mwalimu wa chaki, na yule akamjibu kwamba chaki inaandika ukweli kuliko kiburi. Niliwahi kumkuta kaka akitabasamu peke yake. Nikaanza kuota ndoto za kijinga, kwamba pengine atapona. Kumbe mwili ulikuwa unakwenda zake wala haukuwa na habari na furaha yetu. Alikonda mpaka nikawa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikiwa nafua nje, nikamwona yule bwana wa Bondo anaingia uani. Bahasha kwapani. Hakubeba sukari, hakubeba mkate.

"Nimekuja tumalizane uso kwa uso," akasema. "Ukurasa mmoja umebaki. Siku hizi nikimjibu kwa karatasi ananitukana bure."

Nilisimama mlangoni na mikono ya sabuni. Nikamwambia kaka amelala. Nikamwambia arudi kesho. Sauti ikatoka ndani, nyembamba, "Nani huyo?"

"Ni mimi," akajibu yule bwana.

Halafu kaka akasema, "Mwache aingie."

Aliingia akiwa bado ana tabasamu la ugomvi mdomoni. Liliondoka palepale. Kaka alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, tena katika joto lile la Kisumu. Macho tu ndiyo yaliyokuwa makubwa. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pake akichorachora nyuma ya karatasi za programu. Yule bwana akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Akaifungua bahasha, akaitazama karatasi, akairudisha.

"Omera, ndugu yangu," akasema. "Nimesoma yote."

"Na?"

"Iko sawa."

"Ukurasa wa nne?"

"Uko sawa. Nitawaandikia leo. Nimepitisha."

Kaka alimtazama kwa muda. Sijawahi kuona mtu akisikitika hivyo kwa kuambiwa amefaulu. Kisha akanigeukia mimi. "Nyamera, mpe huyu bwana chai aende zake. Amekuja kuona mgonjwa."

Yule bwana alitoka nje kabla ya chai. Nilimkuta kando ya pipa la maji, amejifunika uso kwa bahasha, mabega yanamtetemeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Ningejua nisingemwandikia yale maneno. Uvivu! Nimemwita mvivu!"

"Ndiyo maana alinikataza," nikasema. "Ukurasa wa nne una nini?"

Hakutaka kunionyesha. Nikamnyang'anya. Wekundu ulikuwepo, mahali pamoja tu, chini kabisa, na juu yake alikuwa amepiga mstari kuufuta, nadhani palepale kwenye kiti. Akanieleza huku anatazama pembeni. Programu inamuuliza aliyeleta mtoto: alizaliwa msimu gani? Mama atajibu. Lakini akiletwa na nyanya, na mama alikwisha kufa, na alizaliwa mbali mjini, nyanya atasema sijui. Na kaka hakuwa ameweka nafasi ya sijui. Mashine itauliza tena, itauliza tena, mpaka karani aizime, na mtoto arudishwe nyumbani bila chanjo.

"Watoto wa namna hiyo wamejaa," akasema. "Ukienda Bondo, ukienda Kombewa, nusu ya benchi la kliniki ni nyanya watupu. Nilikuwa nimemwandikia, umesahau mayatima, wewe mtu. Sasa nitamwambiaje? Mbele ya yule mtoto?"

Nilikuwa na hasira, na sikujua ni hasira na nani. Naye, na kaka, na magugu, na Mungu. Nikamwambia, "Utamwambia kama ulivyomwambia kiwandani, mbele ya meneja. Alikuchukia miaka yote hii, lakini alirekebisha siku ileile. Wale wa sukari ninao tele. Rudi ndani."

"Dada, huwezi kumwambia mtu anayekufa mambo ya mayatima."

"Rudi ndani!" nikasema, nikamsukuma, mkono wangu ukamwacha na povu la sabuni kwenye shati.

Akarudi. Mimi nikasimama kizingitini. Hakukaa safari hii. Akasema kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Ukurasa wa nne una kosa. Umemsahau mtoto asiye na mama. Nyanya amemleta, hajui msimu. Mashine yako inamzungusha mpaka jioni."

Kaka alimtazama binti yake, ambaye alikuwa anachora kitu chenye miguu mingi.

"Nyanya wa huyu ataniuliza mimi," akasema. "Mimi najua alizaliwa lini."

"Wewe unajua," yule bwana akasema. "Na ukiwa hupo?"

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo. Daktari hakulisema, mchungaji hakulisema, mimi sikulisema. Tulikuwa tukilizunguka kila siku, tukipanga vitu vya mwaka ujao. Niliona kifua cha kaka kinapanda na kushuka chini ya blanketi. Nilitaka kumtoa yule mtu nje kwa ufagio, mimi niliyemsukuma ndani.

Kaka akasema, "Sasa hapo umesoma."

Akaomba tumwinue kwa mito. Akadai karatasi. Wakaanza kubishana. Yule bwana alitaka karani aandike tu haijulikani. Kaka akasema wapi, ukiandika hivyo unamwacha mtoto palepale, afadhali nesi aangalie meno, aulize kama anasimama, kama anatembea, mashine ikadirie kutoka hapo. Yule akasema meno yanadanganya. Kaka akasema hata wewe unadanganya, umenidanganya sasa hivi kwenye kiti hicho. Wakacheka, kaka akakohoa, wakaendelea. Niliwapikia samaki, hawakugusa. Kabla mgeni hajaondoka kaka aliniita, akaniambia niandike tarehe ya mtoto wake, na siku, na saa, na kwamba mvua ya mawe ilikuwa inanyesha juu ya bati na mama yake alilazimika kupiga kelele ndipo mkunga amsikie. Nikaandika. Yule bwana alisubiri nimalize, akampa kaka mkono, hakuomba, akaenda kupanda basi.

Kipande kile cha meno na kutembea tulikiandika pamoja. Yeye alisema, mimi nilichapa bila kuelewa. Umeme ukikatika tulingoja. Siku nyingine alisema mstari mmoja tu, tena akaubatilisha. Siku nyingine alilala. Tulikuwa tumevuka nusu yake asubuhi aliponiuliza nimsomee jana tuliishia wapi. Nikasoma. Akafumba macho akitafuta neno linalofuata, nikangoja mikono juu ya kibodi. Hakulipata. Alifariki kabla Jumapili haijafika, akiwa amenishika kidole kama mtoto mdogo.

Nilimpenda kaka yangu. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Tulimzika nyumbani Seme, mbele ya Kombewa. Kila aliyeshika kipaza sauti alimsifu. Yule wa tai alisema alikuwa kichwa. Yule wa kanisani alisema mikono yake ilikuwa imebarikiwa. Bwana wa Bondo alisimama nyuma kabisa, karibu na ua wa ojuok, ile miti ya utomvu, na alipoitwa aseme neno alitikisa kichwa. Watu walipoanza kula nilimfuata.

"Pitisha basi kazi yake iingie," nikamwambia. "Nakuomba. Amekwenda, itamdhuru nani?"

"Haijakwisha, dada."

"Imalize wewe."

"Nikiimaliza ni yangu, na msomaji wake siwezi kuwa tena. Na hiyo nusu aliyobakiza sijui alikuwa anaipeleka wapi, ilikuwa kichwani mwake." Akavuta kamasi. "Nikisema iko sawa, nitakuwa nimeleta sukari."

Nilimwacha hapo. Nilijua kaka angemjibu kwa matusi na kumshukuru. Baadaye nilipata habari kwamba aliwaandikia watu wa programu akiwa Bondo, maneno machache: nimesoma, kosa moja kubwa limebaki, halijapita. Lile jambo jingine, kwamba kaka amekufa, hakuliandika. Nadhani mkono wake ulikataa.

Wiki zikapita kabla sijapita tena kwenye ile ofisi ya mjini. Nilikwenda kuwaambia wasipokee tena barua zetu. Karani akanipa karatasi aliyokuwa amenitunzia. Mkuu wao wa ng'ambo alikuwa amemwandikia kaka yangu, kwa jina lake. Alisema msomaji uliyempata ni mkali, na ana haki, laiti sote tungekuwa na mmoja kama yeye. Alisema wamekubaliana kuchelewesha toleo jipya. Nafasi ya kipande chake iko wazi, hawataiziba. Asiwe na haraka, wanajua kazi nzuri huchukua muda. Ila atume neno tu wajue yu mzima. Tunakungoja, akamaliza.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Hawakuwa na habari ya kikohozi wala ya kaburi. Kwao alikuwa mtu anayechelewa kujibu. Manyatta nilikuwa nimekwisha gawa nguo zake, na mtoto alikuwa ameacha kuuliza, lakini kulikuwa na watu mahali fulani ambao kila asubuhi walifungua barua zao wakitazamia kukuta jina lake.

"Nijibu nini?" karani akaniuliza, vidole vikiwa tayari.

Nikamwambia asijibu kitu. Waache wamngoje.